Diski nne, bodi moja na joto la Moshi

Desemba haimpi usingizi mtu wa kamera hapa Moshi. Watu wanarudi nyumbani kutoka Dar, Mwanza, Dodoma na ng'ambo, na mambo yote yaliyongoja mwaka mzima yanabanwa ndani ya wiki tatu: harusi, ubatizo, jubilei ya wazee waliotimiza miaka 50 ya ndoa, ibada ya kuweka msalaba kwenye kaburi la baba. Mimi ndiye yule dada mwenye kamera mbili shingoni anayewaomba wajomba wasogee kidogo kulia. Usiku narudi kwenye chumba changu cha kazi Majengo na kadi nne au tano zilizojaa, na harusi moja, bila kutia chumvi, inakula gigabaiti 200.

Kwa miaka mingi kazi hizo zilikaa kwenye diski za mkononi, zile ndogo za kuchomeka kwenye laptopu. Nilikuwa nazo saba, kila moja ina kipande cha plasta nilichokiandika kwa kalamu: "2019 Okt–Des", "Harusi Rau", "Mchanganyiko". Siku moja akaja mama mmoja wa Kibosho. Mume wake alikuwa amefariki juzi yake, na alikumbuka kwamba mimi ndiye niliyempiga picha kwenye harusi ya binti yao, amesimama mlangoni na koti la kijivu, anacheka. Alitaka picha hiyo ndiyo iwekwe mbele ya jeneza. Alikaa kwenye kiti changu, kitenge mabegani, mpaka jioni. Diski ya kwanza haikuwa nayo, ya pili haikuwa nayo, ya tatu haikufunguka kabisa. Nikamwomba aende nyumbani akapumzike. Picha niliipata saa nane usiku kwenye ile ya "Mchanganyiko", asubuhi nikaichapa na kumpelekea kwa bodaboda kabla ya ibada.

Tangu siku hiyo nilitaka picha zote zikae mahali pamoja, ghala moja la picha, pawake muda wote, nizifikie kutoka mashine yoyote ya ofisini, na kila usiku zijinakili zenyewe kwenye diski ya pili. Wengi wakisikia hivyo wanafikiria kompyuta kubwa ya mezani. Ile inakula umeme, ina kelele, na chumba changu kina soketi mbili tu. Nikachagua Raspberry Pi 4, kompyuta nzima kwenye bodi moja yenye ukubwa wa kadi ya benki, iliyotoka mwaka 2019, yenye milango miwili ya USB 3. Ikiwa imetulia inatumia wati 3 hivi, ikichapa kazi inafika 6 au 7, sawa na taa moja ya LED ya sebuleni. Programu nilizipanga kwa jioni mbili, na maelezo ya kuzipanga yamejaa kila mahali. Ninachotaka kuandika ni umeme na joto, kwa sababu humo ndimo nilimoteseka miezi minne, na humo ndimo diski nyingi zinamofia.

Nilianza na diski tatu za mkononi, nimezichomeka moja kwa moja kwenye bodi. Ya kwanza ikawaka vizuri. Ya pili ikawaka. Nilipochomeka ya tatu nikasikia sauti ambayo sitaisahau: diski inaanza kuzunguka, vuuu, inafika katikati, inakata, tik, inaanza upya, vuuu, tik. Papo hapo zile mbili za mwanzo zikapotea kwenye orodha. Nikachomoa zote haraka, moyo unanienda mbio. Nikaamini ile ya tatu ni mbovu, nikanunua nyingine. Na hiyo mpya nayo: vuuu, tik.

Hela ya diski nzima ilikwenda hivyo kwa kosa la hesabu, na ni hesabu ambayo ningependa kila mtu aifanye kabla hajatoa pesa. Diski ndogo ya mkononi ikishashika mwendo inahitaji nusu ampea hivi kwenye volti 5. Lakini zile sekunde chache za kuanza, injini yake inapozing'oa sahani zilizosimama mpaka zifike mizunguko 5,400 kwa dakika, inahitaji karibu ampea nzima. Umeshaona mkokoteni wa mizigo pale Mbuyuni: ukishaanza kwenda mtu mmoja anausukuma, lakini kuung'oa pale uliposimama wanaitana watu watatu. Raspberry Pi 4 ina ampea 1.2 za kugawa kwa milango yake yote minne ya USB kwa pamoja. Diski moja inatosha hapo. Mbili zinapita kwa bahati, kama hazikuanza kwa wakati mmoja. Tatu haziingii, hata chaja yako iwe nzuri kiasi gani, maana kikomo kiko kwenye bodi yenyewe.

Dawa yake ni habu ya USB, kile kigawanyo cha milango, lakini yenye umeme wake. Nikaenda mjini nikanunua ya milango minne, ina adapta yake imeandikwa volti 5, ampea 3. Diski tatu zikawaka. Nikalala kwa amani siku kumi.

Ya kumi na moja, nikiwa nanakili harusi ya Marangu, diski mbili zikapotea katikati ya kazi na bodi ikawa nzito kama imelala. Ndipo nilipoona kitu nilichokuwa nakipita kila siku. Taa nyekundu ya bodi, ambayo inatakiwa iwake bila kukoma, ilikuwa inazimika na kuwaka kila kazi ilipokuwa nzito. Taa ile inazimika volti zinaposhuka chini ya 4.63. Mwenye skrini angeona alama ya radi ya njano kwenye kona, lakini ghala langu halina skrini, liko chini ya meza. Nikaandika amri hii:

vcgencmd get_throttled

Ikanijibu 0x50005. Maana yake: volti ziko chini sasa hivi, bodi imepunguza mwendo sasa hivi, na yote mawili yameshatokea tangu ilipowashwa. Jibu unalolitaka ni 0x0. Ukikuta 0x50000, ujue sasa hali ni shwari lakini kuna saa mambo yaliharibika na wewe hukuwepo. Hiyo ya mwisho ndiyo inayowapita wengi, kwa sababu wanaangalia asubuhi wakati kila kitu kimepoa.

Nikabeba vyote kwenye kikapu, nikavipeleka kwa mzee mmoja fundi redio karibu na soko la Mbuyuni. Ametengeneza redio na amplifaya za makanisa tangu mimi sijazaliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hiki nacho ni nini?"

"Ni kompyuta, mzee."

"Hii?" Akaigeuza, akaitazama juu na chini. "Inakula volti ngapi?"

"Tano."

"Hizo tano unazipima wapi?"

Sikulielewa swali. Akachukua mita yake, akagusa pale umeme unapotoka kwenye chaja: 5.1. Kisha akagusa pini za bodi, ya nne na ya sita, mimi nikiwa nimeanzisha kunakili mafaili kutoka kwenye laptopu: 4.52, 4.47, 4.55, namba inachezacheza. "Volti zako zinaishia njiani," akasema. Nilikuwa naipa bodi umeme kwa waya wa chaja ya simu wa mita moja na nusu. Akaniomba ruhusa, akachukua wembe, akauchana. Nje ulikuwa mnene, mweupe, wa kupendeza. Ndani ya ule unene mlikuwa na nyuzi za shaba ambazo nilipozishika kati ya vidole sikuzihisi, kama nywele. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo waya wa mita moja na nusu ni safari ya mita tatu, na kila hatua ya safari inakula chake.

Halafu akapima habu. Adapta iliyoandikwa ampea 3, diski tatu zikiwa zinazunguka kawaida tu, hata kuanza hazianzi, ilikuwa imeshuka mpaka 4.6. Ile "3" ilikuwa maandishi ya kwenye karatasi.

Akanipa darasa ambalo nalitumia mpaka leo. "Nguzo ya umeme iliyopita kwenu," akaniuliza, "transfoma iko wapi?" Nikamwambia iko karibu na nyumba. "Kwa nini hawakuiweka kulekule mbali, wakawaletea umeme mdogo tangu huko?" Ukiwa na volti 12, kupoteza nusu volti njiani unaweza kuvumilia. Ukiwa na volti 5, hiyo nusu ni sehemu ya kumi ya ulichonacho, na bodi inaanza kulalamika kabla hujaipoteza yote. Basi umeme upelekwe ukiwa mkubwa, ushushwe mlangoni. Nikarudi Majengo nikaanza upya.

Safari hii nilinunua diski kubwa nne, zile za kompyuta ya mezani za inchi 3.5, terabaiti 4 kila moja, na kila moja na kasha lake. Zile ndogo nilizibakiza kuwa nakala za nje, mbili ziko Arusha kwa mdogo wangu ndani ya droo yake ya nguo. Diski kubwa haiwezi kula kwenye USB kabisa, inataka volti 12, na kasha lake lina tundu la adapta ya ampea 2. Adapta nne zingejaza ekstensheni nzima, na nilikuwa nimeshaacha kuziamini. Nikachukua pawa saplai moja ya volti 12, ampea 10, zile za bati lenye matundu wanazofungia kamera za ulinzi na taa za LED.

Hesabu yake niliiandika kwenye karatasi nikaibandika ukutani. Diski nne zikianza kwa pamoja zinaomba ampea 2 kila moja, jumla 8. Bodi na kazi yake, ukishaipitisha kwenye kishusha volti, ni kama ampea moja na nusu ya volti 12. Tisa na nusu, kwenye pawa saplai ya kumi. Inaingia, lakini sipendi kuishi ukingoni namna hiyo, hasa baada ya kujua maandishi ya karatasi yana thamani gani. Nikazigawa diski mbilimbili. Mbili zinaanza pamoja na bodi, mbili zinapitia kwenye rilei ndogo ya kuchelewesha, yaani swichi inayojiwasha yenyewe, zinaanza baada ya sekunde 15. Rilei hiyo ni ya bei ndogo kuliko chakula cha mchana, na ndiyo kifaa ninachokipenda kuliko vyote kwenye ghala. Ukikaa kimya unazisikia: mbili zinapanda, zinatulia, tak ya rilei, mbili nyingine zinapanda. Hakuna tik.

Zikishashika mwendo mambo ni mepesi. Diski moja inakula wati 7 hivi, nne ni 28, na bodi, jumla kama 35. Kwa siku nzima hiyo ni chini kidogo ya uniti moja, kwa mwezi uniti 25. Usiku nazilaza diski mbili za nakala mpaka saa yao ya kunakili, na hapo napunguza tena.

Bodi inapata volti 5 kutoka kwenye kishusha volti chenye uwezo wa ampea 5, kimefungwa sentimita 20 tu kutoka ilipo. Skrubu yake ndogo nilizungusha na mita mkononi mpaka 5.15 kabla sijaunganisha chochote. Tafadhali usiunganishe kwanza ukapima baadaye, vingine vinatoka dukani vimewekwa volti zaidi ya 10 na bodi haikupi nafasi ya pili. Njia zote za volti 12 nimetumia waya wa 1.5 wa taa za nyumba, na kila diski ina fyuzi yake ya gari ya ampea 3. Waya mmoja ukigusana kwa bahati mbaya, inakufa fyuzi ya mia chache badala ya kazi za watu.

Na habu ile ya zamani niliiacha kabisa, kwa sababu nyingine ambayo niliigundua kwa kuchomoa chaja ya bodi na kuona taa nyekundu bado inawaka. Habu ilikuwa inarudisha umeme ndani ya bodi kupitia waya wa USB. Bodi inayolishwa kwa mlango wa nyuma haizimiki ukiizima, na huwezi kujua nani anambeba nani. Makasha yangu mapya mawili yako kwenye milango ya USB 3 moja kwa moja, mawili ya nakala kwenye ile ya USB 2, ambayo ni ya polepole, na kwa kazi ya usiku polepole hainisumbui.

Kulikuwa na kishawishi kimoja nilitaka kukifuata, nacho kinawajia wengi. Volti 12 ni volti za betri ya gari. Kwa nini nisifunge betri na chaja yake, nikaunganisha diski moja kwa moja, umeme wa ukutani ukikatika ghala lisijue? Nikampelekea mzee wazo hilo nikiwa na furaha. Hakunijibu. Akaweka mita kwenye betri iliyokuwa inachajiwa hapohapo dukani kwake, akanigeuzia nisome: 14.1. Diski ya volti 12 inavumilia sehemu ya kumi juu au chini, yaani mwisho 13.2, na nyingine zinataka hata chini ya hapo. Chaja ikiwaka unaichoma taratibu, chaja ikizima na betri ikichoka unaishindisha njaa. Inawezekana ukifunga kifaa cha kupandisha na kushusha kinachotoa 12 tupu muda wote, na kuna watu wamefanya hivyo vizuri. Mimi nilichukua UPS ya kawaida ya kompyuta, lile boksi lenye betri ya akiba, ya 650 VA, kwa sababu nilichoka na kwa sababu ina waya unaozungumza na bodi. Programu ya NUT inasikiliza. Umeme ukikatika inasubiri dakika 20, ukiwa haujarudi inazifunga diski kwa utaratibu na kuzima. Betri ikiwa mpya niliipima ikafika dakika 50, lakini sitaki kuikamua mpaka mwisho.

Kuzima kwa utaratibu kuna maana gani, diski yenyewe itakuambia. Ukiandika smartctl -A, amri inayosoma kumbukumbu za afya ya diski, mstari wa 192 unahesabu mara ambazo kichwa cha kusomea kilirudishwa kwa dharura kwa sababu umeme ulikatwa ghafla. Ile diski ya Kibosho, iliyokataa kufunguka siku ile, baadaye ilifunguka siku moja, nikaukuta mstari huo una 413. Mara 413 nilikuwa nimeichomoa kama chaja ya simu.

Umeme ukatulia. Ikaja Februari.

Nilikuwa nimemwagiza seremala kabati la mbao la kufunga vyote ndani, lenye mlango, kwa ajili ya vumbi. Lilikuwa zuri, wateja walilisifu. Saa tisa mchana, chumba kikiwa nyuzi 33, nikasoma mstari wa 194 wa kila diski, ambao ndio wa joto: 57, 59, 61, 58. Watengenezaji wengi wanaandika 60 kuwa mwisho. Bodi ilikuwa 81, na ikifika 80 inaanza kujipunguza mwendo. Nilipofungua mlango, hewa iliyonipiga usoni ilikuwa ya jikoni.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuihangaikia bodi. Ndiyo yenye namba kubwa, na ndiyo inayouziwa vifeni na vibati vya alumini vya kupendeza. Nikaifungia kifeni, ikashuka mpaka 70, nikafurahi. Diski zilibaki palepale. Ukitafakari utaona bodi inajilinda yenyewe, ikizidiwa inapunguza mwendo na kesho inaendelea. Diski haina namna hiyo. Inazunguka tu na joto lake. Kwa hiyo kama una feni moja, ni ya diski.

Jirani yangu analea vifaranga kwenye boksi kwa balbu ya wati 40. Kabati langu lilikuwa na wati 35 ndani na mlango umefungwa. Sikuhitaji hesabu nyingine.

Nikakata tundu nyuma, juu, nikafunga feni ya sentimita 12 inayovuta hewa kutoka ndani kwenda nje, na chini mbele nikakata mwanya mrefu wa kuingizia hewa. Nikasubiri saa moja. Diski zilishuka nyuzi tatu tu. Nikabadilisha feni, hakuna tofauti. Hapo nikachukua udi, kijiti kile cha kawaida, nikakiwasha na kukishika mbele ya mwanya wa chini. Moshi uliingia sentimita chache, ukapinda pembeni, ukapanda ukutani mwa kabati na kutoka nyuma bila kugusa diski hata moja. Nikausogeza kwenye ufa ulio kando ya feni. Moshi uliotoka nje ukazunguka na kuingia tena kwa ufa huo. Feni ilikuwa inafanya kazi kwa bidii kuzungusha hewa ileile.

Jioni hiyo nilikata maboksi ya karatasi ngumu, nikaziba kila mwanya kando ya diski, juu yake na kuzunguka feni, kwa maboksi na gundi ya karatasi, mpaka hewa ikose njia isipokuwa kati ya diski na diski. Makasha nikayatoa mifuniko yake ya plastiki, nikazisimamisha diski wima na nafasi ya sentimita 2 kati yake. Chini ya kila moja niliweka vipande vya kandambili ya zamani, kwa ajili ya mtikisiko, maana diski nne juu ya mbao zinatetemeshana. Nikawasha udi tena. Moshi uliingia ukiwa mwembamba na ulionyooka, ukagawanyika kwenye zile nafasi, ukakutana nyuma na kutoka. Nilimwita mdogo wangu kwenye simu ya video aje aone.

Kesho yake saa tisa, chumba kikiwa 33 vilevile: 44, 45, 46, 44. Bodi nimeiweka mwisho wa safari, karibu na feni, baada ya diski. Watu wananiambia ni makosa, inapata hewa ya moto. Hewa inayotoka kwenye diski nimeipima, ni nyuzi 37. Kwa chipu inayoishi kwenye 60, hiyo ni hewa baridi. Sasa iko 54 na kile kifeni chake nimekitoa.

Feni haiwezi kushusha kitu chini ya joto la chumba, kwa hiyo siangalii 45 peke yake, naangalia imezidi chumba kwa ngapi. Zikizidi kwa 12 nimeridhika. Zikianza kuzidi kwa 15 najua ni vumbi. Nimefunga wavu wa dirishani kwenye mwanya wa chini, na kila baada ya wiki mbili naupiga brashi. Wiki nikisahau, hasa Agosti vumbi likiwa jingi, namba zinanikumbusha. Wala sikimbilii kushusha zaidi. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha walichokiona kwenye diski zaidi ya 100,000, na joto la kawaida halikuonekana kuua diski kama wengi tulivyoamini. Madhara yalijitokeza kwenye joto la juu kabisa na kwa diski zilizozeeka. Zangu zitazeeka, na 61 ilikuwa juu. Pale 45 nalala.

Mdogo wangu wa Arusha hanielewi ninapoongea habari hizi. Wako juu kutuzidi kwa zaidi ya mita 400, na mwezi wa saba anavaa sweta ndani ya nyumba. Nikimjengea la kwake nitamwekea feni hivyohivyo, kwa ajili ya Februari.

Kwa kuwa nimegusa habari za juu, kuna kijana mpandisha wageni mlimani aliyeniuliza kama anaweza kubeba bodi na diski ya kuzunguka mpaka kambini, wageni wahifadhi picha zao usiku. Kichwa cha diski kinaelea juu ya sahani kwa nguvu ya hewa iliyomo ndani, na hewa ikiwa nyepesi kinashuka. Diski nyingi zimeandikwa mwisho mita 3,048. Kambi ya Mandara iko salama, mita 2,720. Ya Horombo ni 3,720. Nikamwambia abebe diski za SSD, zisizo na kitu kinachozunguka, ambazo pia zinakula umeme mdogo wa paneli yake.

Kuna diski ya tano mezani kwangu, bado iko kwenye boksi lake. Terabaiti 8, kwa ajili ya Desemba hii. Karatasi ya ukutani inasema tisa na nusu kwenye kumi, kwa hiyo nimeagiza pawa saplai ya ampea 15 kwa kijana wa kamera za ulinzi, atanifikishia Jumatano. Nimeshakata kandambili vipande vinne vingine, na mwanya wa tano kwenye maboksi nimeuchora kwa penseli. Nina udi wa kutosha.